Andy Robertson alikatwa kwa udogo wa mwili. Kigoma tunawakata wangapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nizungumzie jambo linalowagusa wazazi, walimu na makocha wa mkoa wetu wa Kigoma, nalo ni namna tunavyowachagua vijana wa kucheza mpira wa miguu, na hasa namna tunavyowaacha. Nimefundisha shule ya sekondari kwa miaka 27, na kwa muda wote huo nilikuwa pia mwalimu wa michezo. Sasa nimestaafu, lakini jioni bado hunikuta uwanjani na vijana wa mtaa wetu hapa Ujiji.

Mwezi Juni 2025 watu wa kituo kimoja cha kulea vipaji, kutoka nje ya mkoa, walikuja kufanya majaribio ya vijana wa chini ya miaka 16. Mimi nilipeleka vijana sita. Mmoja wao ni mtoto anayelelewa na bibi yake, mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi. Anacheza namba tatu, anatumia mguu wa kushoto, na katika miaka yangu yote ya kufundisha sijapata beki wa pembeni anayejua kama yeye wakati wa kupanda na wakati wa kubaki. Vijana walipangwa mstari mmoja ukutani. Palikuwa na alama ya chaki, na kila ambaye kichwa chake hakikufika kwenye alama ile aliambiwa akakae chini ya mwembe. Mtoto huyu alikaa chini ya mwembe pamoja na wenzake wengi, na mpira ulikuwa haujawekwa chini bado. Nilimwendea aliyekuwa akiongoza zoezi, nikamwomba kwa adabu awape japo dakika kumi. Alinijibu kwamba mpira wa kisasa unataka miili.

Tulipokuwa tukirudi, mtoto aliniuliza, “Mwalimu, nifanyeje ili nirefuke?”

Katika maisha yangu ya ualimu nimeulizwa maswali mengi magumu, lakini hilo sikuwa na jibu lake. Ndipo nikamsimulia habari za Andy Robertson, aliyekuwa wakati huo beki wa kushoto wa Liverpool na nahodha wa timu ya taifa ya Scotland, ambaye mtoto huyu na wenzake walikuwa wakimwona kila wikiendi katika kibanda umiza bila kujua ametokea wapi. Tangu siku hiyo nimeifikiria sana safari ya mchezaji huyo, na nimeona kwamba sisi tunaopenda kuisimulia kwa vijana huwa tunaisimulia nusu.

Robertson alizaliwa Glasgow tarehe 11 Machi 1994, akakulia katika timu za vijana za Celtic, klabu aliyoipenda tangu utotoni. Alipofika miaka 15 klabu hiyo ilimwacha, na sababu kubwa ilikuwa udogo wa mwili wake. Sisemi kwamba Celtic hawajui mpira. Ni Celtic hao hao waliomlea Kieran Tierney, beki mwingine wa kushoto ambaye nchi nyingi zingefurahi kuwa naye. Ninachosema ni kwamba hata watu wanaojua, wenye viwanja, madaktari na makocha waliosomea kazi hiyo, walimtazama mtoto wa miaka 15 wakaona kimo cha siku ile, wala hawakuweza kuona kimo cha miaka mitatu baadaye. Leo Robertson ana urefu wa takriban sentimita 178. Si mrefu, lakini hakuna anayeweza kumwita mfupi.

Hapa ndipo wasimulizi wengi huruka moja kwa moja hadi Anfield, uwanja wa Liverpool, wakasema alivumilia, akajituma, akafika. Ni kweli kwamba alijituma. Lakini mtoto aliyekatwa huvumilia wapi, ikiwa hana timu? Robertson alipata pa kuvumilia. Alikwenda Queen's Park, klabu ya Glasgow iliyoanzishwa mwaka 1867, ambayo ndiyo kongwe kuliko zote Scotland. Wakati huo ilikuwa bado klabu ya ridhaa, yaani wachezaji wake hawakulipwa, na kaulimbiu yake ya Kilatini maana yake ni kucheza kwa ajili ya kucheza. Klabu hiyo haikuingia katika soka la kulipwa hadi baada ya kura ya wanachama wake mwaka 2019. Msimu wa 2012/13, ambao Robertson aliutumia katika timu yake ya wakubwa, Queen's Park ilikuwa daraja la nne, chini kabisa ya ligi za Scotland.

Klabu hiyo ilikuwa na jambo la ajabu: pamoja na udogo wake, uwanja wake wa nyumbani ulikuwa Hampden Park, uwanja wa timu ya taifa wenye viti zaidi ya 50,000. Kwa hiyo mechi nyingi zilichezwa mbele ya watazamaji mia kadhaa, na viti vingine vyote vikiwa vitupu. Kwa sababu mpira haukumpa mshahara, Robertson alifanya kazi katika uwanja huo huo, akipokea simu za watu waliotaka kununua tiketi za mechi za taifa na za matamasha ya muziki. Mwezi Agosti 2012, akiwa na miaka 18, aliandika katika mtandao wa kijamii kwamba maisha katika umri ule bila pesa ni mabaya na kwamba anahitaji kazi. Andiko hilo bado linasomwa na watu dunia nzima. Nimelisoma mimi, nikawakumbuka vijana wangu wanaobeba mizigo pale bandarini asubuhi na kuja mazoezini jioni wakiwa hawajala.

Katika timu hiyo ya daraja la nne alikuwamo pia kijana mshambuliaji, jina lake Lawrence Shankland. Namtaja kwa sababu nitamrudia.

Msimu ule mmoja ulitosha. Klabu hiyo haikufunza ujanja wowote wa siri, ilimpa mechi. Kila wiki alicheza na watu wazima, wenye nguvu kuliko yeye, wengine wakiwa mafundi na makarani siku za kazi, na kwa kuwa Rangers nao walikuwa wameshushwa hadi daraja hilo msimu ule ule kutokana na kuanguka kwao kifedha, yule kijana mpokea simu alikutana uwanjani hata na mojawapo ya klabu mbili kubwa za nchi yake. Mwaka 2013 Dundee United, timu ya Ligi Kuu ya Scotland, ilimchukua. Mwezi Machi 2014 alivaa jezi ya taifa kwa mara ya kwanza dhidi ya Poland jijini Warsaw. Mwisho wa msimu akateuliwa na wachezaji wenzake kuwa mchezaji bora kijana wa Scotland. Na mwezi Julai 2014 Hull City ya Ligi Kuu ya Uingereza ikamnunua kwa pauni milioni 2.85. Miaka miwili kamili haikuwa imepita tangu alipoandika kwamba anahitaji kazi.

Naomba wasomaji wasiichukulie sehemu ya Hull kuwa njia ya kupita tu, kwa maana ndiyo inayonipendeza kuliko zote. Katika misimu mitatu aliyokaa huko timu ilishuka daraja mwaka 2015, ikapanda mwaka 2016 kupitia mechi ya mchujo uwanjani Wembley, kisha ikashuka tena mwaka 2017. Hapa kwetu mchezaji ambaye timu yake imeshuka mara mbili huonekana kuwa na mkosi, na viongozi hawataki hata kulisikia jina lake. Liverpool walimtazama yeye, hawakutazama msimamo wa ligi. Walimchukua mwezi Julai 2017 kwa pauni milioni 8 za kuanzia, fedha ndogo kwa soko la wakati ule.

Alipofika huko hakupewa nafasi mara moja. Kwa miezi kadhaa kocha Jürgen Klopp aliendelea kumtumia Alberto Moreno, na Robertson alikaa benchi, mara nyingine hata benchi hakuwamo. Mwezi Desemba Moreno aliumia, Robertson akaingia, na tangu hapo namba ile ikawa yake. Wengi tunakumbuka mechi ya tarehe 14 Januari 2018 ambapo Liverpool iliifunga Manchester City mabao 4-3. Kipindi cha pili Robertson aliukimbilia mpira peke yake: akamkabili mmoja, pasi ikatoka naye akaifuata, ikarudishwa nyuma naye akaifuata, hadi kwa kipa, na kutoka kwa kipa hadi kwa beki wa upande mwingine, uwanja mzima ukiwa umesimama. Mpira hakuupata; mwisho wake alicheza rafu. Lakini ndizo mbio zilizowafanya mashabiki wa Anfield wamkubali, na mimi huwaambia vijana wangu kwamba mbio zile zilijifunzwa katika viwanja vyenye watazamaji mia tatu.

Yaliyofuata yanajulikana, nami nitayapitia haraka. Alitwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka 2019, na mwaka huo huo Kombe la Dunia la Klabu. Alikuwamo katika kikosi kilichoipa Liverpool ubingwa wa ligi mwaka 2020 baada ya miaka 30 ya kungoja, na tena mwaka 2025. Na kati ya hayo kuna Kombe la FA na Kombe la Ligi. Tarehe 26 Desemba 2022 alitoa pasi yake ya 54 ya bao katika Ligi Kuu ya Uingereza, akawa kwa wakati huo beki mwenye pasi nyingi zaidi za mabao katika historia ya ligi hiyo. Alifanywa nahodha wa taifa Septemba 2018, na ndiye aliyeiongoza Scotland kurudi katika mashindano makubwa, baada ya kuifunga Serbia kwa penalti mjini Belgrade Novemba 2020 na kumaliza ukame uliodumu tangu 1998.

Lakini Kombe la Dunia lilikuwa bado. Tarehe 18 Novemba 2025 Scotland iliikaribisha Denmark, na ilikuwa lazima ishinde ili ifuzu moja kwa moja kwenda Kombe la Dunia la 2026. Uwanja ulikuwa Hampden Park, ule ule aliokuwa akipokelea simu. Robertson hakuwa na usiku mwepesi, kwa sababu ni yeye aliyemchezea rafu mpinzani na kusababisha penalti iliyowapa Denmark bao la kusawazisha. Bao la pili la Scotland lilifungwa na nani? Na Lawrence Shankland, mwenzake wa daraja la nne. Mechi ilikwisha 4-2, Tierney naye akiwa mmoja wa wafungaji. Baada ya mechi nahodha alisema kwamba siku nzima alikuwa akimfikiria Diogo Jota, rafiki yake wa Liverpool aliyefariki kwa ajali ya gari mwezi Julai, na jinsi walivyokuwa wakizungumza juu ya kucheza Kombe la Dunia.

Asubuhi ya siku iliyofuata, kabla ya kwenda shule, yule mtoto wa Kibirizi alibisha hodi kwangu. Alikuwa ameyaona mabao katika simu ya kaka yake. “Shikamoo, Mwalimu,” akasema, “wale wawili walikuwa timu moja ya chini?” Nikamwambia ndiyo. Akasimama kidogo, kisha akauliza, “Na sisi timu hiyo iko wapi?”

Ndugu Mhariri, swali hilo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Kigoma si mkoa usio na mpira. Tuna Uwanja wa Lake Tanganyika, ambao tarehe 25 Julai 2021 ulibeba fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na Yanga, na siku hiyo wageni walijaa hadi watu wakalala stesheni. Tuna Mashujaa, waliopanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2023/24, na jirani zetu wa Tabora walipanda msimu huo huo. Kwa hiyo mtoto wa hapa anaiona Ligi Kuu kwa macho yake mwenyewe, jambo ambalo wengi wa kizazi changu walilipata kwa redio tu. Shida haiko juu. Shida iko katikati, kati ya mtoto wa miaka 15 anayemaliza mashindano ya shule na kijana wa miaka 19 ambaye timu kubwa inaweza kumtazama. Mashindano ya UMISSETA, yale ya shule za sekondari, ni ya wiki chache kwa mwaka. Ligi ya wilaya huanza ikichelewa, hukatika fedha za waamuzi zinapokwisha, na kuna miaka ambayo kijana hucheza mechi sita tu zenye refa na kadi. Zilizobaki ni ndondo, yaani mashindano ya mitaani, nazo zina uhondo wake na mimi huzipenda, lakini katika ndondo timu hukodi wachezaji waliokomaa ili ishinde mbuzi au fedha, na mtoto mdogo wa mwili huishia kubeba chupa za maji.

Juu ya hayo kuna uovu ambao sote tunaujua na tunaunyamazia, nao ni udanganyifu wa umri. Kijana wa miaka 18 huletwa na cheti kinachosema ana miaka 15, na katika mstari ule wa ukutani yeye ndiye anayepita alama ya chaki. Mtoto mkweli, aliyezaliwa mwaka ulioandikwa katika cheti chake, huonekana kibeti. Tumefika mahali ambapo kusema ukweli ndiko kunakomwondoa mtoto mashindanoni. Shirikisho la soka la Afrika hupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine katika mashindano ya chini ya miaka 17, na hilo ni jema, lakini kipimo hicho kinawafikia wachache waliokwishachaguliwa. Hakimfikii aliyeachwa chini ya mwembe miaka miwili kabla.

Na hata pasipo udanganyifu, maumbile hayaendi kwa kalenda. Kila mwalimu wa kidato cha pili ameona darasani wavulana wawili waliozaliwa mwezi mmoja, mmoja ana ndevu na sauti nzito, mwingine bado ana uso wa darasa la tano. Baada ya miaka mitatu mara nyingi hulingana. Aliyewahi kukua alizoea kushinda kwa mabavu. Aliyechelewa alilazimika kujifunza kupokea mpira haraka, kujificha, kuwaza kabla ya kufikiwa. Uingereza zipo akademi ambazo sasa huwapanga watoto katika baadhi ya mechi kwa kukomaa kwa miili yao na si kwa mwaka wa kuzaliwa pekee, ili wadogo waonekane na wakubwa nao wajifunze kucheza bila ubavu.

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu nimeshapewa. Nitaambiwa kwamba Robertson ni mmoja kati ya maelfu, kwamba kituo cha vipaji hakina fedha za kulisha mtoto ambaye huenda asikue, na kwamba golikipa na beki wa kati wanahitaji kimo. La golikipa nalikubali, na la beki wa kati nalikubali kwa sehemu kubwa. La fedha pia nalielewa. Bweni lina vitanda vyake na sufuria ina kiasi chake. Siombi kila mtoto achukuliwe. Hata Celtic hawakuwa na wajibu wa kumchukua kila mtoto wa Glasgow. Ninachoomba ni kwamba anayeachwa aachwe baada ya kuonekana akicheza, na kwamba akishaachwa awe na mahali pa kucheza Jumamosi inayofuata.

Kwa hiyo naviomba vyama vya soka vya wilaya za mkoa wetu, pamoja na chama cha mkoa, viendeshe ligi moja ya kudumu ya vijana wa miaka 15 hadi 19, hata kama ni ya timu nane tu, yenye ratiba inayojulikana tangu mwanzo wa msimu na waamuzi wanaolipwa nauli yao. Gharama yake si kubwa. Fedha ambazo wafanyabiashara wetu huweka katika zawadi za ndondo moja kubwa zingeweza kuisukuma mbali sana. Makocha wa vituo wanaokuja kufanya majaribio waombwe kuacha majina na sababu za kila waliyemwacha kwa mwalimu wake, ili mwaka unaofuata mtoto huyo atazamwe tena akiwa na kumbukumbu. Na sisi walimu na wazazi tuache kupeleka vyeti vya uongo. Nasema sisi, kwa sababu vyeti hivyo havijiandiki vyenyewe, na mara mbili katika kazi yangu niliona cha aina hiyo mezani kwangu nikakisaini nikitaka shule yetu ifike mkoani. Nilikosea, na kuna watoto waliolipia kosa langu.

Mtoto wa Kibirizi ametimiza miaka 16. Tangu Juni ameongezeka vidole vitatu, nami nimeacha kumpima kwa sababu aliniomba niache. Vijana wetu wanacheza kila Jumamosi saa kumi jioni katika uwanja wa vumbi nyuma ya shule ya msingi, timu mbili za mtaa, na refa ni mimi. Yeye anavaa jezi namba 3, na njumu zake ameazimwa na binamu yake. Kocha yeyote wa mkoa huu, au wa nje, anayetaka kumwona akicheza anakaribishwa. Kiti tutamwekea kivulini.

Wako katika michezo,

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma